Kindu, Madini ya Maniema na Historia ya Mrija wa Kioo Usiovuja

Historia ya Kindu huandikwa mara nyingi kama historia ya mto na reli, kwa kuwa mji huo, ulioko ukingo wa magharibi wa Lualaba, ulikua pale ambapo meli zilishusha mizigo ili ipakiwe kwenye mabehewa, na watawala wa koloni waliupima kwa tani zilizopita bandarini. Mizigo hiyo ndiyo inayouunganisha mji na historia nyingine isiyosimuliwa sana, nayo ni ya mrija wa kioo uliotolewa hewa, kifaa kilichobeba redio, simu na mashine za kuhesabia kwa miongo mingi kabla transista haijakirithi. Bati, volframi na tantali, metali tatu zinazopatikana katika udongo wa Maniema, zilikuwa na kazi katika utengenezaji wa mirija hiyo na wa vyombo vilivyoizunguka, na urani ya Katanga, jirani wa kusini, ilikuwa nyuma ya kazi iliyozaa mtambo unaotumika hadi leo kutafuta matundu yasiyoonekana kwa macho. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba Maniema ilitoa malighafi ya ufundi huo bila kupewa ujuzi wake, na kwamba mabadiliko ya miaka ya karibuni, ambapo mafundi binafsi wanatengeneza mirija nyumbani kwao kwa kurekebisha mitambo chakavu ya viwanda, yameondoa sababu iliyokuwa ikitolewa kueleza mgawanyo huo.

Mji wa mto na reli

Kabla ya Kindu kuwa mji, vituo vikubwa vya eneo hilo vilikuwa Nyangwe na Kasongo, upande wa kusini, ambako wafanyabiashara waliotoka Zanzibar na Tabora walianzisha makazi, mashamba na masoko ya pembe za ndovu na watumwa katika nusu ya pili ya karne ya 19. David Livingstone alifika Nyangwe mwaka 1871, Verney Cameron akafuata mwaka 1874 na Henry Stanley mwaka 1876, wakati ambapo Hamed bin Muhammed el-Murjebi, anayejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, alikuwa ameifanya Kasongo kuwa kitovu cha mamlaka yake. Vita vya miaka ya 1892 hadi 1894 kati ya Dola Huru ya Kongo na watawala hao wa Kiarabu na Kiswahili viliuvunja utawala wao, lakini lugha waliyoileta ilibaki, na Kiswahili ndicho lugha ya soko, ya bandari na ya karakana mjini Kindu hata leo.

Mji wenyewe ni mtoto wa kampuni. Mwaka 1902 mfanyabiashara wa Ubelgiji, Édouard Empain, alianzisha kampuni ya reli iliyojulikana kwa kifupi kama CFL, iliyokusudiwa kuunganisha Kongo ya juu na maziwa makuu kwa kupitia sehemu za mto zisizopitika kwa meli. Kipande cha kwanza, chenye urefu wa kilomita 125 kati ya Stanleyville na Ponthierville, ambazo leo ni Kisangani na Ubundu, kilifunguliwa mwaka 1906. Cha pili, cha kilomita 355 hivi kutoka Kindu hadi Kongolo, kilikamilika mnamo mwaka 1910. Na cha tatu kilifika Albertville, yaani Kalemie, kwenye Ziwa Tanganyika, mwaka 1915. Kwa muda mrefu mji huo uliitwa Kindu-Port-Empain, jina lililotangaza waziwazi nani aliyeujenga na kwa faida ya nani. Kutoka bandari yake mzigo ungeweza kushuka na mto kuelekea Kisangani na bahari ya Atlantiki, au kupanda reli hadi Tanganyika, kuvuka ziwa mpaka Kigoma, na kuendelea na reli ya kati hadi Dar es Salaam.

Redio ya cheche na taa za ombwe

Njia ndefu kama hiyo, inayobadilisha meli na treni mara kadhaa, haiwezi kuendeshwa bila habari kutembea haraka kuliko mizigo, na waya za telegrafu zilikuwa taabu kutunzwa katika msitu ambako miti huanguka, unyevu huozesha nguzo na wanyama huvunja nyaya. Ndiyo maana Kongo ya Kibelgiji ikawa miongoni mwa nchi za kwanza za Afrika kupata mtandao mpana wa telegrafu isiyo na waya. Mwanasayansi Robert Goldschmidt, akiungwa mkono na Mfalme Albert wa Kwanza, alisimamia kazi hiyo, na kati ya 1911 na 1913 vituo vilisimamishwa katika mlolongo uliofuata mto, kutoka Banana na Boma pwani, kupitia Léopoldville, Coquilhatville na Stanleyville, hadi Kindu, Kongolo na Elisabethville. Wataalamu wa kazi hiyo walikuwa na kituo chao cha majaribio huko Laeken, karibu na Brussels, ambako tarehe 28 Machi 1914 kulirushwa tamasha la muziki kwa redio, na ambacho Wabelgiji wenyewe walikiharibu Agosti ya mwaka huo ili kisiangukie mikononi mwa jeshi la Ujerumani.

Mitambo ya vituo hivyo vya kwanza haikuhitaji ombwe, yaani nafasi iliyoondolewa hewa karibu yote. Ilitoa mawimbi kwa kurusha cheche kubwa ya umeme kati ya vipande viwili vya metali, na mwendeshaji aliikata cheche hiyo kwa mpigo mfupi na mrefu wa alama za Morse. Cheche, hata hivyo, hutawanya nguvu zake katika masafa mengi kwa wakati mmoja, haiwezi kubeba sauti ya mtu kwa ufasaha, na vipokezi vya zama hizo vilikuwa dhaifu mno kushindana na ngurumo za radi za ukanda wa ikweta. Kilichoimaliza cheche ni taa ya redio, yaani ule mrija wa kioo uliotolewa hewa, kifaa ambacho kwa nje kilifanana na balbu lakini ndani kilikuwa na kazi tofauti kabisa.

Mwaka 1904 John Ambrose Fleming wa Uingereza alionyesha kwamba waya uliopashwa moto ndani ya chupa isiyo na hewa hutoa chembe za umeme, yaani elektroni, ambazo huvutwa na bamba lenye chaji chanya, kiasi kwamba umeme hupita upande mmoja tu. Mwaka 1906 Lee de Forest wa Marekani aliongeza waya wa tatu katikati, na ikadhihirika baadaye kwamba badiliko dogo la umeme kwenye waya huo, ulioitwa gridi, huongoza mkondo mkubwa zaidi, jambo linaloiwezesha taa kukuza ishara hafifu. Taa za de Forest zilibaki na mabaki ya hewa ndani yake, na utendaji wake ulibadilikabadilika, mpaka Irving Langmuir wa kampuni ya General Electric alipoonyesha, kabla na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kwamba tabia hiyo hutoweka hewa inapoondolewa kwa ukamilifu zaidi. Wakati wa vita hiyo jeshi la Ufaransa lilisimamia utengenezaji wa taa iliyoitwa TM, iliyozalishwa kwa zaidi ya laki moja, na baada ya vita vituo vya redio vya makoloni viliacha cheche polepole na kuhamia kwenye taa.

Kuanzia hapo ubora wa redio ulitegemea ubora wa ombwe. Molekuli za hewa zikibaki ndani, elektroni huzigonga na kuzipa chaji, kisha chembe hizo nzito hurudi nyuma na kuubomoa waya wa moto, na oksijeni nayo huuchoma waya huo hadi ukatike. Ili kukabiliana na mabaki hayo, watengenezaji waliweka ndani ya taa punje ya metali inayofyonza gesi, kwa kawaida bariamu, ambayo ilipashwa moto baada ya taa kufungwa na kuacha doa linalong'aa kama fedha kwenye ukuta wa kioo. Hewa ikiingia, doa hilo hugeuka jeupe kama maziwa, na fundi yeyote, awe Brussels au kwenye kituo cha ukingoni mwa Lualaba, aliweza kujua kwa kutazama tu kwamba taa imekufa. Hicho kilikuwa kipimo cha uvujaji kisichohitaji shule wala mashine, ila kilitoa habari baada ya msiba kutokea. Mtengenezaji alihitaji njia ya kuliona tundu kabla hajaifunga taa.

Metali za Maniema

Wakati taa za redio zikiingia Kongo zikiwa zimefungwa katika masanduku, udongo wa Maniema ulianza kutoka kwa tani. Madini ya kasiteriti, ambayo ni muungano wa bati na oksijeni, yalichimbwa katika mabonde ya mashariki na kaskazini ya Kindu, na mwaka 1932 ilianzishwa kampuni iliyojulikana kwa kifupi kama Symétain, ambayo ilikifanya kijiji cha Kalima kuwa mji wa migodi wenye hospitali, shule na umeme wa maji kutoka mto Lutshurukuru. Kazi ilitegemea watu waliohamishwa vijijini kwao kwa kodi, mikataba na shinikizo la watawala. Japani ilipoteka Malaya na visiwa vya Uholanzi vya Asia mwaka 1942, nchi za Washirika zilipoteza sehemu kubwa ya bati lao, na mwaka huohuo serikali ya koloni iliruhusu wanavijiji walazimishwe kufanya kazi hadi siku 120 kwa mwaka kwa ajili ya vita. Bati, mpira na mawese ya miaka hiyo yana jasho la watu ambao majina yao hayamo katika taarifa za makampuni.

Bati hilo lilikuwa na matumizi mengi, kuanzia makopo ya chakula hadi risasi ya kulehemu, yaani mchanganyiko wa bati na risasi unaoyeyuka kwa joto dogo na kuunganisha nyaya, ambao bila huo redio isingeweza kukusanywa. Pamoja na kasiteriti, Maniema ilitoa volframaiti, madini ya volframi, hasa upande wa Kailo na Punia. Volframi huyeyuka kwenye nyuzi joto 3,422 za Selsiasi, kiwango cha juu kuliko metali nyingine zote, na tangu mafundi walipojifunza kuivuta kuwa waya mwembamba, mnamo mwaka 1910, ndiyo imekuwa waya wa moto wa balbu na wa taa nyingi za redio. Ina sifa nyingine isiyojulikana sana nje ya ufundi huu: hutanuka kwa joto kwa kiwango kinachokaribiana na cha kioo kigumu chenye boroni, aina inayotumika maabara, kwa hiyo fimbo yake inaweza kupitishwa ukutani mwa mrija na kioo kikaishika bila kupasuka kinapopoa.

Metali ya tatu ni tantali, ambayo hutoka katika koltani. Huyeyuka kwenye nyuzi joto 3,017 hivi, na inapopashwa moto sana hufyonza gesi zilizoizunguka, ndiyo maana katika miaka ya 1930 watengenezaji wa Marekani waliitumia kwa mabamba ya taa kubwa za kurushia matangazo, ambazo zilijisafishia ombwe lake zenyewe zikiwa kazini. Tantali ilikuwa imeingia katika historia ya ombwe mapema zaidi. Mwaka 1905 kampuni ya Siemens & Halske ya Ujerumani ilitoa sokoni balbu yenye waya wa tantali, iliyobuniwa na Werner von Bolton, na ni katika kazi ya kuzalisha balbu hizo ambapo Marcello Pirani, mwaka 1906, alibuni kipimo cha ombwe kinachoitwa kwa jina lake. Kanuni yake ni kwamba waya uliopashwa moto hupoteza joto kupitia hewa inayouzunguka, hivyo hewa ikipungua waya hupata moto zaidi na ukinzani wake wa umeme hubadilika, na badiliko hilo husomwa kwenye mita. Hii ilimwezesha fundi mmoja kusimamia pampu nyingi kwa kutazama mishale badala ya kupima zebaki ndani ya mirija kwa mkono.

Kuutafuta uvujaji

Kipimo cha Pirani kilimwambia fundi kwamba ombwe linaharibika, lakini hakikumwonyesha wapi. Njia za kutafuta mahali zilikuwa za ujanja wa mikono. Fundi alipaka alkoholi au asetoni kwenye kiungo alichokishuku, akatazama mshale wa mita, kwa sababu mvuke wa kimiminika hicho ukipenya ndani hubadilisha usomaji papo hapo. Kwa mirija ya kioo alitumia koili ya umeme wa volti nyingi, ambayo cheche yake hutambaa juu ya kioo kizima lakini hukimbilia mahali penye tundu na kuonyesha nukta angavu, huku rangi ya mwanga unaowaka ndani, zambarau au waridi, ikitoa dalili kwamba kuna hewa. Koili hiyo ina hatari yake, kwani ikiachwa mahali pamoja kwa muda mrefu inaweza kutoboa kioo kilichokuwa kizima.

Mapinduzi ya kweli yalitokana na vita na yana mzizi wake Kongo. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkuu wa kampuni ya Union Minière, aliamuru zaidi ya tani elfu moja za madini ya urani ya mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, zisafirishwe kwa siri hadi Staten Island, New York, na madini hayo ndiyo yaliyolisha mpango wa Marekani wa kutengeneza bomu la atomiki. Huko Oak Ridge, Tennessee, kilijengwa kiwanda cha K-25 ambacho kilitenganisha aina mbili za urani kwa kuisukuma ikiwa gesi kupitia vichujio vingi mno vilivyounganishwa kwa mabomba marefu, na gesi hiyo ilikuwa babuzi kiasi kwamba unyevu mdogo wa hewa uliopenya ungeharibu kazi. Kupaka alkoholi kiungo kwa kiungo kusingetosha. Alfred Nier, mwanafizikia wa Minnesota, alitumia ujuzi wake wa kupima uzito wa atomi kubuni mtambo ulioweza kutambua chembe chache za heli, na ndio uliotumika kukikagua kiwanda hicho.

Mtambo wa Nier hufanya kazi kwa hatua zinazofuatana. Chombo kinachokaguliwa huunganishwa na pampu na kutolewa hewa. Fundi hupuliza heli kidogo nje yake, akianzia juu kwa sababu gesi hiyo ni nyepesi na hupanda. Penye tundu heli huingia ndani na kuvutwa hadi kwenye chumba kidogo ambamo waya wa moto huzipa atomi chaji ya umeme. Sumaku huzipinda njia zao, na kwa kuwa atomi nyepesi hupinda zaidi kuliko nzito, ni zile za heli pekee, zenye uzito wa 4, zinazopita kwenye mwanya uliowekwa na kuzalisha mkondo unaopimwa. Heli ilichaguliwa kwa sababu ni adimu hewani, haishikamani na kitu chochote, na atomi yake ni ndogo kiasi cha kupenya mahali ambapo gesi nyingine hukwama.

Umuhimu wa uwezo huo wa kutambua chembe chache unaonekana kwa hesabu nyepesi. Kiwango cha uvujaji hupimwa kwa milibari-lita kwa sekunde, yaani shinikizo likizidishwa kwa ujazo unaopita kila sekunde. Mrija wenye ujazo wa mililita 50 unaovuja kwa kiwango cha sehemu moja ya milioni ya kipimo hicho ungejaa zaidi ya nusu ya shinikizo la hewa ya kawaida katika mwaka mmoja kama uvujaji ungeendelea kwa kasi ileile, na hata uvujaji mdogo mara elfu moja kuliko huo ungeleta zaidi ya nusu milibari kwa mwaka, kiasi kinachotosha, katika mrija uliojazwa gesi ili uwake, kuichafua gesi hiyo na kuuzima mwanga wake. Tundu la namna hiyo haliwezi kuonekana kwa darubini, wala haliwezi kutoa povu ndani ya maji.

Mirija ya tarakimu na karakana za nyumbani

Miongoni mwa vifaa vya kioo vilivyotegemea ukaguzi huo ni mirija ya tarakimu iliyotolewa na kampuni ya Burroughs ya Marekani mwaka 1955 kwa jina la Nixie. Ndani yake kulipangwa nyaya kumi zilizokunjwa kwa umbo la tarakimu 0 hadi 9, moja nyuma ya nyingine, zikizungukwa na wavu mwembamba, na nafasi iliyobaki ikajazwa neoni kwa shinikizo dogo kuliko la hewa, pamoja na zebaki kidogo ya kurefusha maisha ya nyaya. Umeme wa volti 170 hivi ukiwekwa kati ya wavu na tarakimu moja, gesi iliyoigusa tarakimu hiyo huwaka kwa rangi ya chungwa, na namba husomeka. Mirija hii haikuwa na waya wa moto, na haikuwa na ombwe la kudumu kama taa za redio, lakini ilibidi itolewe hewa kabisa kabla ya kujazwa neoni, kwa hiyo adui wake alikuwa yuleyule. Katika miaka ya 1970 diodi zinazotoa mwanga na vionyeshi vingine vya bei nafuu viliiondoa sokoni, na mafundi waliojua kuifunga wakastaafu bila warithi.

Ufufuo wake ulitoka kwa watu binafsi. Claude Paillard, mpenzi wa redio wa Ufaransa, alionyesha kwa filamu jinsi anavyotengeneza taa ya redio kwa mikono yake tangu kukata kioo hadi kuifunga, na mwanzoni mwa miaka ya 2010 Dalibor Farný wa Jamhuri ya Czech alianza kujifunza upya utengenezaji wa mirija ya Nixie, kazi iliyokuja kuwa karakana kamili. Msaada mmoja kwa juhudi za namna hii ni mitambo ya heli ya mtumba, iliyouzwa na viwanda na maabara zilizonunua mipya. Mitambo hiyo, hata hivyo, iliundwa kwa ajili ya mabomba ya chuma yenye viunganishi vya kawaida, na haiwezi kupokea mrija wa kioo mpaka irekebishwe.

Rekebisho la kwanza ni mlango. Mrija wa nyumbani huwa na shina jembamba la kioo ambalo hewa hutolewa kupitia humo na ambalo baadaye huyeyushwa na kukatwa. Shina hilo huingizwa ndani ya kiunganishi chenye pete ya mpira inayobanwa kwa mkono kuizunguka, na uso wa kioo lazima uwe laini, kwa sababu mkwaruzo mmoja chini ya pete huonekana kama tundu la mrija wenyewe. Mpira nao hupitisha heli polepole, hivyo fundi huanza kwa kupima uvujaji wa mlango ukiwa umezibwa, ili ajue kiasi cha kutoa katika hesabu yake, kisha hupima kwa tundu la kulinganishia, yaani kichupa kinachotoa heli kwa kiwango kinachojulikana. Kioo chenyewe si ukuta kamili: kile chenye boroni hupitisha heli kidogo, zaidi ya kioo laini cha madirisha au chenye risasi, na anayepuliza gesi kwa wingi na kwa muda mrefu anaweza kuuhukumu mrija mzima kuwa mbovu.

Rekebisho la pili ni ulinzi wa pampu. Mitambo ya kisasa hutumia pampu yenye mapanga ya alumini yanayozunguka makumi ya maelfu ya mara kwa dakika, na mvuke wa zebaki huila alumini, kwa hiyo mrija uliokwisha kutiwa zebaki hauruhusiwi kuunganishwa bila mtego wa baridi, yaani kizingiti kilichopoozwa kwa naitrojeni ya kimiminika ambacho mvuke hugandia. Wengi huchagua kuukagua mrija kabla ya kutia zebaki. Rekebisho la tatu ni la subira: valvu ndogo huwekwa ili hewa itolewe polepole, kwa kuwa ujazo wa mrija ni mdogo na mshtuko wa ghafla huyumbisha nyaya zake nyembamba, na mwisho wa mpira wa heli hufungwa sindano ili gesi ielekezwe kwenye waya mmoja tu unaopita ukutani, mahali ambapo matundu mengi hupatikana. Tundu likigunduliwa hapo, sababu yake kwa kawaida ni kwamba metali na kioo havikutanuka sawa, au kioo hakikupoozwa taratibu katika tanuri, na tiba yake ni kurudia kiungo, si kukipaka gundi.

Mafundi hao wamethibitisha kwamba ujuzi uliodaiwa kuwa wa viwanda vikubwa unaweza kukaa katika chumba kimoja, kwa sharti kwamba mwenye chumba anaelewa kila sehemu ya mashine yake kiasi cha kuifungua na kuibadilisha.

Kindu baada ya makampuni

Wakati mirija ikitoweka viwandani, makampuni ya bati nayo yalidhoofika huko Maniema. Mwaka 1976 Symétain na nyingine ziliunganishwa kuwa Sominki. Mwaka 1985 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukishikilia bei ya bati ulivunjika na bei ikaporomoka. Na mwaka 1997, katikati ya vita, Sominki ikafutwa. Migodi ilibaki mikononi mwa wachimbaji wanaotumia sururu na beleshi. Reli ilipoharibika, habari za familia na za biashara zilipita kwa redio za masafa mafupi ambazo watu wa mashariki ya Kongo waliziita foni, hadi simu za mkononi zilipofika. Mwaka 2000 bei ya koltani ilipanda ghafla kwa sababu ya simu na kompyuta zinazotumia vihifadhi umeme vya tantali, na mwaka 2010 Marekani ilipitisha sheria iliyoyataka makampuni yake yaeleze asili ya bati, tantali, volframi na dhahabu kutoka Kongo na nchi jirani, na baadaye mifuko ya madini ya Maniema ikaanza kufungwa lebo.

Lebo hizo zinafuatilia njia ya madini kutoka shimoni hadi kiwandani, lakini hazifuatilii ujuzi kurudi. Hakuna kiwanda cha taa za redio kilichojengwa Kindu, na kioo cha simu kilichotandazwa utando wa umeme wenye bati ndani yake hurudi Maniema kikiwa bidhaa iliyokamilika, kama taa za zamani zilivyorudi. Tofauti ya sasa ni kwamba visingizio vimepungua. Kipimo cha Pirani kinaweza kuundwa kwa balbu ndogo na mita. Koili ya kukagulia kioo inaweza kusukwa na fundi redio. Heli iligunduliwa kwa wingi katika bonde la Rukwa, Tanzania, kama ilivyotangazwa mwaka 2016, ng'ambo ya ziwa ambalo reli ya Kindu ilijengwa kulifikia. Chuo Kikuu cha Kindu na shule za ufundi za mkoa zingeweza kuanza na benchi moja, pampu moja ya mtumba na fimbo ya volframi ya Kailo iliyopitishwa ukutani mwa kioo bila kuvuja, na kuwafundisha vijana wa Maniema kwa nini metali wanayoichimba ina thamani inayolipwa. Mkoa uliotoa malighafi ya ufundi huu kwa karibu karne nzima unastahili pia kuufundisha.